Nyati wa Bujiku na Mstari Niliouruka

Samuye, Jumatano, tarehe 3 Julai 2024. Asubuhi ilikuwa ya baridi kavu, upepo ulipuliza vumbi la mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, na jua lilichelewa kupata nguvu.

Hiyo ndiyo siku ninayoisimulia leo. Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita namweleza kwa ufupi.

Mimi ni Agnetha. Huku kwetu naitwa Mama Limi. Nina miaka arobaini na minane, na kusoma nilijua nikiwa na arobaini na sita, katika darasa la jioni la Mwalimu Eustace. Kwa sababu ya mwandiko wangu, kitongoji kilinifanya katibu. Mwenyekiti wetu, mzee Marselino, ana mtoto wa jicho. Mimi naandika, namsomea, yeye anagonga mhuri.

Mwezi Mei alikuja Chacha, muuza nyama wa Nyarugusu kule machimboni. Alitaka leseni ya kuwinda nyati. Msimu huu wawindaji wanaotoka nje ya wilaya waliwekewa kikomo cha nafasi nne, na zote zilikuwa zimekwisha. Za wenyeji zilikuwa tano. Nikamwandikia barua ya utambulisho, nikamsomea mzee, akagonga mhuri. Kwa barua hiyo Chacha akahesabiwa mwenyeji, akachukua nafasi ya tano. Mume wangu Bujiku, ambaye kwa miaka kumi na minane hajawahi kuingia porini bila leseni, akaambiwa arudi mwakani.

Kijiji kilipogundua kwamba barua inamwita Chacha mkazi, afisa wa wanyamapori aliitwa. Akasema, "Barua yenye mhuri siifuti kwa sababu mwenyekiti hakusomewa vizuri. Nitaifuta aliyeiandika akija mwenyewe kukiri kwamba aliandika uongo. Na akikiri, yeye si wangu tena, ni wa polisi."

Chacha alikuwa aingie porini Jumamosi. Basi siku zilizobaki zilikuwa tatu.

Saa moja asubuhi nilikwenda kisimani na ndoo mbili. Wanawake sita walikuwa kwenye foleni. Nikasalimia.

Hakuna aliyeitika.

Nikamgeukia Suzana, kiongozi wa jumuiya yetu, ambaye kila Alhamisi tunasali rozari pamoja, nikamsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, dada."

"Chota uende," akasema, macho yake kwenye kamba ya ndoo.

"Wewe nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea. Ila mchana nzengo inakaa dagashida. Kama unachota, chota ya kutosha."

"Ya kutosha siku ngapi?"

Mmoja nyuma yake akacheka. "Muulize Chacha. Si mkazi mwenzako? Akuletee maji ya Nyarugusu kwa pikipiki."

Wakacheka wote. Suzana hakucheka, lakini hakuwanyamazisha.

Kwa msomaji wa mbali: nzengo ni kijiji kizima kikiwa kitu kimoja, na dagashida ni baraza lake. Nzengo ikikutenga, hakuna wa kukusalimia, wa kukupa moto, wa kukuazima jembe. Ukipata msiba unachimba kaburi mwenyewe. Mwaka 2009 niliona nyumba moja ikitengwa. Baba mwenye nyumba alimpeleka mama yake kaburini kwa mkokoteni wa ng'ombe, yeye na mwanawe tu. Sisi tulikuwa mashambani tunapalilia, tukainua vichwa tukawatazama wakipita, kisha tukaendelea kupalilia. Na mimi nilipalilia.

Nilirudi nyumbani na ndoo moja. Ile ya pili sikuthubutu kuijaza.

Bujiku alikuwa kwenye kigoda mbele ya mlango, anasafisha bunduki ambayo msimu huu haikuwa na safari.

"Katibu," akaniita. Tangu akose leseni hakuniita Mama Limi tena.

"Abee."

"Leo utawasomea nini? Au utawarukia mstari tena?"

"Lilikuwa kosa la kusoma. Nimekwisha kulisema."

"Umelisema, ndiyo. Nilikuuliza siku ile, mwanamke mwenye mjukuu anatafuta nini darasani. Ukaniambia unataka kusoma Biblia." Akapuliza mtutu. "Sasa Biblia imekula nyati wangu."

"Usimtanie Mungu, Baba Limi."

"Mungu simtanii. Yeye hakuandika barua."

Niliingia ndani nikapiga magoti kando ya kitanda. Nilisali Salamu Maria kumi. Ya kumi sikuimaliza, kwa sababu nilisikia filimbi ya sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, ikiita watu.

Dagashida ilikaa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Wanaume walikuwa upande mmoja na fimbo zao, wanawake upande wa pili kwenye khanga. Mzee Marselino aliwekewa kiti cha plastiki. Mwigulu, kamanda wa sungusungu, alisimama katikati.

Nilitegemea kuitwa mimi. Mwigulu akasema, "Mwalimu Eustace, njoo hapa mbele."

Mwalimu alitoka nyuma ya umati. Ni mwembamba, mtu wa Bukoba, anafundisha shule ya msingi mchana na sisi wazee jioni. Darasa la jioni halimpi chochote isipokuwa shikamoo zetu.

"Mwalimu," Mwigulu akasema, "sisi tumekaa tumetafakari. Mama Limi tunamjua tangu aje hapa kuolewa. Ni mtu wa sala, hana ubaya. Chacha alimtajia maneno, akayaandika kama alivyotajiwa, akamwachia mwenyekiti aamue. Wakati wa kumsomea mwenyekiti, macho yakahama mstari. Ule mstari uliosema Chacha ameishi hapa miaka tisa, haukusomwa. Mzee akagonga mhuri bila kujua. Sawa?"

"Ndivyo ilivyosemwa," Mwalimu akajibu.

"Basi kosa si la Mama Limi. Kosa ni la aliyemfundisha nusu nusu akamwacha ajione msomi. Nzengo inataka darasa lifungwe. Na wewe uombe uhamisho urudi kwenu kwenye ndizi."

Watu wakacheka. Mimi moyo ulishuka mahali pake kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimepona. Nakiri hilo ndilo lililokuwa wazo langu la kwanza, kabla sijamfikiria yule aliyesimama pale juani kwa ajili yangu.

Mwalimu Eustace alifungua mkoba wake, akatoa daftari la mahudhurio. "Naomba niseme jambo moja tu. Wanafunzi ninao ishirini na watatu. Wapo wanaohama mstari, wengi tu. Huwa nawaambia waweke kidole. Mama Limi sijawahi kumwambia. Kwa miaka miwili hajahama mstari hata mara moja."

Mwigulu akashusha fimbo yake.

"Unataka kusema nini?" Mwigulu akauliza.

"Nasema ninachokijua mimi darasani. Ya nje ya darasa anayajua mwenyewe." Akanitazama, bila ukali. Ningependa angenitazama kwa ukali.

Sasa na wewe msomaji nikuombe radhi. Wiki mbili zilizopita niliandika humu humu kwamba macho yalinihama. Nilikudanganya. Nilimdanganya Bujiku na kijiji, na padri nilipomwendea kuungama nilimtajia dhambi zote, hiyo nikaiacha. Macho yangu hayakuhama. Mstari ule niliuona vizuri kama ninavyouona mkono wangu, nikauruka.

Lakini pale uwanjani nilinyamaza. Na kabla mtu hajaniuliza, tukasikia pikipiki.

Alikuwa Chacha. Alishuka, akavua kofia ngumu, akatoa leseni yake iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mzee," akamwambia Marselino.

"Marahaba. Hukuitwa hapa."

"Mkazi anaitwa na filimbi kama wengine." Akainua leseni watu waione. "Nasikia mnataka kuifuta hii."

"Wewe unawinda kuuza," Mwigulu akasema. "Leseni ya mwenyeji, nyama ni ya kula. Wewe nyati wako atakatwa vipande aliwe na wachimbaji kabla hajapoa."

"Umeniona nikiuza?"

"Una bucha."

"Na wewe una fimbo. Nimesema umepiga mtu?"

Wengine wakaguna. Chacha anajua kusema, hilo hata adui zake wanalikubali.

Mzee Marselino akainua mkono. "Sikiliza, Chacha. Zamani pori letu lilikuwa linasikika nyumbani. Usiku unasikia simba, asubuhi unakuta nyayo za pofu, yule swala mkubwa, kwenye mtama. Wakaja watu wa machimboni na magari na taa kali, kila mtu na karatasi yake. Tukabaki na miti. Kikomo hiki tulikililia sisi wenyewe miaka sita. Wageni wanne basi. Ukijiita mwenyeji, kikomo hakipo tena. Mwakani watakuja ishirini, wote wakazi wa Samuye."

"Mzee, mimi nina swali moja," Chacha akasema, na sauti yake ikabadilika. "Marwa ni nani?"

Wote tulimjua. Marwa alikuwa mdogo wake Chacha. Miaka tisa iliyopita alikuja mnadani kununua ng'ombe, akashikwa na homa, akafia nyumbani kwangu, kichwa chake juu ya mkono wangu. Ilikuwa masika, barabara imekatika. Tulimzika pembeni mwa shamba la Bujiku. Chacha alifika siku ya nne.

"Siku ile nilililia gari nimpeleke kwetu Tarime," Chacha akaendelea. "Mkanizuia. Mkaniambia mwache hapa, mtu mwenye kaburi kwetu si mgeni. Nani alisema maneno hayo?"

"Nilisema mimi," mzee Marselino akajibu.

"Kila mwaka nakuja kufagia. Mnanipa uji, mnaniita ndugu. Leo nimetaka nyati mmoja, nimekuwa mgeni. Haya. Mgeni haachi mtu wake ugenini. Mkiifuta barua, kesho asubuhi nakuja na majembe, namtoa Marwa."

Wanawake wakashika vichwa. Kwetu mifupa haiguswi. Aliyezikwa amezikwa, na ardhi iliyofukuliwa hivyo hakuna atakayekubali kuilima tena.

Bujiku akasimama upande wa wanaume. "Majembe usihangaike kuleta. Nitakuazima langu."

"Bujiku," mzee Marselino akamwonya.

"Shamba ni langu, mzee. Nimelala na kaburi la watu miaka tisa sijalalamika. Leo kaburi linawinda nyati wangu. Litoke."

"Kaburi ni undugu," mzee akasema. "Undugu ni jambo moja na nafasi ya mwenyeji ni jambo jingine. Mimi nilikubali iandikwe kwamba tunamtambua, ana kaburi hapa. Hicho ndicho nilichosomewa. Ukazi sikusomewa."

"Hukusomewa na mke wa Bujiku," mtu akasema kutoka nyuma. "Mke wa Bujiku ndiye aliyemla Bujiku."

Mwigulu akapiga fimbo chini. "Tumalize. Barua haifutiki, afisa amekwisha kusema. Basi mwalimu aondoke, darasa lifungwe, na kuanzia leo Chacha asipewe hata maji hapa. Wanaokubali wanyoshe mikono."

Mikono ikaanza kunyoshwa. Niliuona wa Suzana. Niliiona ya wanafunzi wenzangu watatu, wale wanaoweka kidole, nao wameinyosha.

Mwalimu Eustace alikuwa anarudisha daftari kwenye mkoba.

Nilisimama. Sikuamua kusimama. Magoti ndiyo yaliyosimama, mimi nikayafuata.

"Sikuhama mstari," nikasema.

"Sema kwa nguvu," Mwigulu akasema.

"Sikuhama mstari. Niliona. Chacha hajaishi hapa hata wiki moja, nililijua hilo nikaandika miaka tisa. Nilipomsomea mzee niliuruka ule mstari kwa makusudi, kwa sababu nilijua akiusikia hatagonga."

Mikono ikashuka mmoja mmoja.

"Alikupa nini?" Mwigulu akauliza.

"Hakunipa kitu."

"Kweli," Chacha akasema. "Nilimwomba tu. Hata mimi nilishangaa alivyokubali upesi."

"Sasa kwa nini?"

Nilimtafuta Bujiku kwa macho. Alikuwa bado amesimama.

"Mwezi Machi," nikasema, "Baba Limi alichukua daftari langu la insha akawashia moto wa maji ya kuoga. Nilikuwa kanisani. Niliporudi nilikuta jalada. Sikugombana. Nilipika, nikamwekea chakula. Chacha alipokuja mwezi Mei nilijua nafasi imebaki moja. Nilijua Baba Limi atakwenda mjini kuomba leseni Jumatatu, akishamaliza kupakia pamba. Nikampa Chacha barua Ijumaa."

"Kwa daftari," Bujiku akasema.

"Kwa daftari."

"La kurasa ngapi?"

"Themanini. Nilikuwa nimefika ya sabini na moja."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayehesabu ng'ombe akakuta mmoja hayupo. "Tumekaa miaka ishirini na tisa. Ungenipiga hata na mwiko."

"Ningekupiga ungenirudishia. Nilitaka ukose kitu usichoweza kunirudishia."

Sijivunii maneno hayo. Yalikuwa ya kweli, na nilikuwa nimechoka na maneno mengine.

Mzee Marselino alikuwa ananitafuta kwa uso, akikosea upande. "Agnetha."

"Naam, baba."

"Mimi sioni, mwanangu."

"Najua, baba."

"Hukumsomea Bujiku. Ulinisomea mimi."

Nilikuwa tayari kwa matusi. Kwa hilo sikuwa tayari.

Mwigulu akakohoa. "Mama Limi. Kosa la kusoma tulikuwa tumelisamehe. Hili ni jingine. Afisa alisemaje?"

"Akikiri, ni wa polisi."

"Na ukinyamaza?"

"Jumamosi nyati anakufa kwa jina la Samuye. Na mwakani wanakuja ishirini."

Chacha akavaa kofia yake ngumu. "Mama, wewe ulimshika mdogo wangu akifa, nakuheshimu. Ila nimekwisha kusema. Ukienda kuifuta barua, mimi nakuja na majembe asubuhi hiyo hiyo."

"Nimekusikia."

"Hutakuwepo kunizuia."

"Sitakuwepo."

Bujiku akachukua fimbo yake akaanza kuondoka. Alipofika mbele yangu akasimama. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini uwanja wote ulisikia. "Ukienda polisi, mimi siji kukutazama. Na ukitoka, usipite kwangu."

Hakuendelea kuondoka. Alibaki pale, mgongo kwangu.

Mzee Marselino akaomba ainuliwe kwenye kiti. Suzana alimshika mkono upande mmoja, Mwalimu Eustace upande wa pili. Mzee akasema, "Hapa kuna watu wasiopungua mia. Anayetaka kwenda kimya kimya anaweza kurudi njiani. Mama Limi, kama unakwenda, taja jina lako na la baba yako, useme unakwenda kusema nini. Kila mwenye masikio awe shahidi."

Nilifanya ishara ya msalaba.

"Mimi, Agnetha binti Nkwabi, naahidi mbele yenu wote. Kesho Alhamisi, saa mbili asubuhi, nitakuwa mlangoni kwa afisa wa wanyamapori mjini Shinyanga. Nitasema barua ya Chacha niliiandika mimi, ni ya uongo, na nilijua. Polisi wakiniuliza nitawaambia hivyo hivyo. Marwa atafukuliwa nisiwepo, na mlango wa Bujiku nitaukuta umefungwa, nami nitakwenda."